Wapenzi Wasiofanana: Namna ya Kuwafanya Waaminike

Hadithi ya wapenzi wasiofanana ni rahisi kuianza na ni ngumu kuimaliza. Mwandishi anachukua mtoto wa tajiri na mtoto wa mchuuzi, au mpole na mkali, anawakutanisha sokoni, na kufikia ukurasa wa kumi wanapendana. Msomaji anauliza: kwa nini huyu, na si mwingine? Kama jibu ni kwamba hawafanani tu, basi hadithi haina jibu. Tofauti huvuta macho, lakini haitoshi kuwashikamanisha watu.

Nachukua mfano wa Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999 na kufanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Yasmin ni msichana wa Kihindi wa Unguja, aliyeozwa akiwa na miaka 15 kwa Raza, mwenye duka aliyemzidi umri kwa mbali. Denge ni Mwafrika aliyesoma Urusi, mpinga ukoloni anayewindwa na polisi wa Waingereza. Malezi na elimu vinawatenganisha. Lakini wote wawili wamekataa amri ya mtu aliyedai haki ya kuwapangia maisha: Yasmin amekataa ndoa, Denge amekataa utawala. Hapo naona kanuni ya kwanza: wapenzi watofautiane kwa mambo yanayoonekana, wafanane katika jambo moja wanalolihitaji sana.

Kanuni ya pili ni gharama. Yasmin akimwacha mumewe, jamaa zake wanamfungia mlango. Anayempokea ni rafiki yake, Mwajuma. Denge naye hawezi kumpa utulivu, kwa sababu siasa inamdai kwanza. Kila mmoja anapoteza kitu ambacho msomaji anaweza kukitaja kwa jina.

Kwetu Likasi hatuhitaji kubuni tofauti za namna hiyo. Waluba wa Kasai waliletwa kwa kazi za Union Minière na za reli, wakazaa na kuzeeka hapa. Mwaka 1992, siasa ya nchi ilipowagonganisha Wakatanga na Wakasai, waliitwa bilulu, yaani wadudu, wakafukuzwa majumbani mwao. Maelfu walilala kituo cha gari moshi kwa majuma mengi wakingoja treni ya kwenda Kasai. Wengine walibaki, wengine walirudi baadaye.

Sasa tuseme mwandishi anataka kupendanisha kijana wa Kisanga na msichana wa Kikasai, wote wamezaliwa baada ya mwaka 2000. Akiandika kwamba ukabila unawazuia, ameandika hotuba. Aandike nyumba ya Kikula ambamo kijana amekulia, na nyanya wa msichana anayeijua miembe ya uani kwa sababu ndiye aliyeipanda. Hapo gharama ina mahali pa kukaa.

Kanuni ya tatu ni ya lugha, na inatuhusu sisi wa kitivo hiki. Vijana hao wawili wanasema lugha moja: muntu na bantu, kintu na bintu, na Kifaransa kilichochomekwa katikati. Wakiwa peke yao tofauti haisikiki; inasikika wanapoingia kwa wazee. Nyanya akimsalimu kijana kwa Kiluba cha Kasai, «Moyo», yeye anasikia neno la Kiswahili la kile kinachopiga kifuani, wala hajui aitikeje. Kimya chake kinamwambia nyanya mgeni huyu ametoka upande gani.

Ndiyo maana napinga desturi ya kuandika mazungumzo ya Likasi kwa Kiswahili cha Unguja. Msimulizi aseme Kiswahili sanifu akitaka, kama mimi hapa. Lakini wahusika wote wakisema sanifu, msomaji hawezi kusikia nani ni wa nyumba ipi, na tofauti tuliyoitafuta inafutika.

Mwisho si lazima uwe harusi. Yasmin na Denge hawaishii pamoja, wala hatuoni kwamba mapenzi yao yalikuwa ya uongo. Kwa wale wawili wa Kikula, mwandishi ana swali moja la kujibu kabla ya kufunga hadithi: je, nyanya atakubali kuingia kama mgeni katika ua alioupanda mwenyewe?