Vidole vinakufa ganzi usiku: mara nyingi si karuho, ni mushipa umebanwa

Bamama wanaoshona kwa cherehani ao kufua nguo za watu wanajua hii kitu: katikati ya usiku unaamuka, vidole vimekufa ganzi, vinachoma kama pilipili, unatikisa mukono mupaka upate nafuu. «Mukono inakuwa kama si yangu», ndivyo wanasema. Jirani naye anaanza kunong'ona juu ya karuho.

Mara nyingi hakuna aliyekutilia kitu. Ni mushipa wa fahamu umebanwa. Kwenye kifundo cha mukono kuna njia nyembamba: chini ni mifupa, juu ni utepe mugumu. Ndani munapita kano 9 zinazokunja vidole, pamoja na mushipa huo mumoja. Ukikamua nguo siku nzima, ukipiga nyundo kwenye machimbo, ao ukishika usukani wa piki piki inayotetemeka kwenye barabara zetu (munazijua wenyewe), njia inavimba na mushipa unakosa nafasi. Ugonjwa wa sukari unaongeza hatari. Mimba pia, lakini hiyo kwa kawaida inaisha kisha kuzaa.

Angalia ni vidole gani. Gumba na viwili vinavyofuata, pengine na nusu ya kile cha pete: shida iko kwenye kifundo. Kidole kidogo na cha pete: tafuta kwenye kiwiko, zaidi kama unalala umekikunja ao unakiegemea sana. Na kama kiganja kinaninginia, huwezi kukiinua, mushipa umebanwa huko juu ya mukono. Inapata mutu aliyelewa akalalia mukono wake kwenye kiti, ao anayetembea na mikongojo inayomubana kwapani.

Kwa kifundo, anza hivi: usiku kifunge kikiwa kimenyooka, kwa kibao chepesi na bandeji isiyokaza. Muchana punguza ile kazi inayokiumiza. Wiki chache zikipita bila nafuu, enda kwa muganga wa kituo cha afya. Kuna sindano ya kortizoni, na kuna upasuaji mudogo ambapo daktari anakata ule utepe ili mushipa upumue. Usingoje mupaka nyama ya chini ya gumba ikauke na vikombe vianze kukuponyoka, maana hapo nguvu inaweza isirudi yote.

Kuchanja chale kwenye kifundo, hapana. Wembe unaweza kukata mushipa wenyewe.

Ukiwa na ganzi pamoja na baka kwenye ngozi lisilosikia kitu ukiligusa, omba upimwe ukoma. Dawa zake ni za bure. Na kama mukono umelegea gafula, mudomo umepinda, ao maneno hayatoki vizuri, hiyo si mambo ya kifundo: inaweza kuwa shida ya damu kwenye ubongo. Peleka mugonjwa hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.