Kazi ya Kipimo: Kutoka Ghala la Mahindi hadi Chumba cha Upasuaji

Mwaka 2004, kati ya mwezi wa Januari na wa Julai, watu 317 wa sehemu za mashariki ya Kenya waliugua ini, macho yakageuka manjano, na 125 kati yao wakafa. Waliopatwa zaidi ni watu wa Makueni na Kitui. Hawakutiliwa sumu na adui, wala hawakula chakula kigeni. Walikula mahindi, na mengi ya mahindi hayo yalitoka katika maghala yao wenyewe, ambamo yaliwekwa kabla hayajakauka sawasawa.

Sumu iliyowaua hutokana na ukungu, nayo huitwa aflatoksini, au sumukuvu kama wasemavyo watu wa Tanzania. Haionekani kwa macho, haitambulikani kwa ulimi, wala kuchemsha ugali hakuiondoi. Kenya wakati ule ilikuwa na kiwango chake kilichoandikwa: mahindi yasiwe na sumu hiyo kupita sehemu 20 katika bilioni. Baadaye kiwango kilipunguzwa hadi sehemu 10, nacho ndicho kifuatwacho katika nchi za Afrika Mashariki. Katika gunia la kilo 90, sehemu 10 katika bilioni ni uzito usiofika miligramu moja. Basi kiwango kilikuwapo, kimepigwa chapa na kuwekwa ofisini, na watu wakafa vilevile. Hapana mkulima awezaye kupima kitu kidogo kiasi hicho nyumbani kwake.

Kiwango cha namna hiyo hakimwambii mkulima afanye nini akiamka asubuhi. Kinachomwambia ni kiwango kingine, cha maji: mahindi yanayowekwa ghalani yasizidi maji asilimia 13.5. Hiki chaweza kugeuzwa kuwa kazi ya mikono. Mahindi huanikwa juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Hufunikwa jioni ili yasinyeshewe umande. Hugeuzwa mara kwa mara. Na magunia hupangwa juu ya mbao, mbali na ukuta. Wazee wengi hupima kwa jino, na jino la mzoefu si la kudharauliwa. Lakini liko jaribio jingine lisilotaka fedha nyingi. Mtu hutia mahindi kidogo pamoja na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, akaifunga, akaitikisa vizuri, kisha akaiacha itulie robo saa. Chumvi ikishika pembeni mwa chupa, mahindi yangali na maji kupita asilimia 15, na yafaa yarudishwe juani.

HASARA YA MKAUSHAJI

Hata hivyo, yako mambo ambayo mabwana shamba hawayasemi mara nyingi. Gunia la kilo 90 lenye maji asilimia 20, likikaushwa mpaka asilimia 13.5, hubaki na kilo 83 hivi. Mkulima aliyetii amepoteza karibu kilo saba za uzito. Akija mchuuzi mwenye mizani tu, asiye na chombo cha kupimia maji, atawalipa kwa kilo, na kwa bei ile ile, aliyekausha na asiyekausha. Kwa hiyo yule mvivu hupata zaidi. Mahali ambapo mnunuzi hapimi maji, hapana haki kumlaumu mkulima peke yake kwa mahindi mabichi.

Mnunuzi akianza kupima, mambo hubadilika upesi. Mwezi wa Machi mwaka 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo. Baada ya siku chache njia ilifunguliwa tena, lakini kwa sharti kwamba mzigo uje na cheti cha kuonyesha kuwa hauzidi sehemu 10. Ghafla neno la wataalamu likawa neno la madereva na wenye malori.

KARATASI YA IFAKARA

Madaktari nao wamejifunza kwamba si vigumu kuandika kiwango, bali ni vigumu kukifanya mazoea. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi moja yenye mambo 19 ya kukaguliwa wakati wa upasuaji. Hapana elimu ya ajabu ndani yake. Kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, huulizwa jina lake na mahali atakapopasuliwa. Kabla ya kisu kugusa ngozi, wote waliomo chumbani hujitaja majina na kazi zao, na huulizwa kama dawa ya kuzuia vijidudu imetolewa ndani ya saa moja iliyopita. Kabla ya kutoka, sindano na vitambaa huhesabiwa, visije vikasahauliwa tumboni.

Karatasi hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane ya dunia, mmojawapo Ifakara nchini Tanzania, pamoja na London, Toronto, New Delhi na mingine. Kabla ya kuitumia, wagonjwa 1.5 katika kila 100 walikufa baada ya kupasuliwa. Baada ya kuitumia, 0.8. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2009 na kuenea kote. Kisha katika jimbo la Ontario, Kanada, hospitali 101 ziliitumia karatasi hiyo, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2014 yakaonyesha kuwa vifo havikupungua kwa kiasi cha kuaminika. Wataalamu wameshindana juu ya sababu. Lakini mtu yeyote aliyefanya kazi ofisini ajua kwamba fomu yaweza kujazwa alama zote bila swali hata moja kuulizwa.

MAMBO YASIYOSHIKANA

Kwa mafundi wa chuma kosa huonekana mara moja. Mji wa Baltimore, Marekani, ulipowaka moto mwezi wa Februari 1904, wazima moto walikuja kwa treni kutoka Washington na miji mingine. Walipofika, mipira mingi ya maji haikushikana na mabomba ya mji, kwa kuwa kila mji ulikuwa na kipimo chake cha viungo. Majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea. Mwaka uliofuata kipimo kimoja kwa nchi nzima kilikubaliwa.

Reli ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1896, ilipewa upana wa mita moja kwa kufuata reli za namna hiyo za India, zilikotoka mashine na mafundi wengi. Wajerumani walijenga ya Tanga kwa upana ule ule, na kwa hiyo zilipounganishwa kwa njia ya Voi na Kahe wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mabehewa yaliweza kupita. Reli ya TAZARA ina milimita 1,067, ili ilingane na za Zambia, na pale Kidatu mizigo ilibidi kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina milimita 1,435.

Lugha pia imepimwa. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulichagua Kiswahili cha Unguja kiwe cha vitabu na shule, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja kukisimamia. Tangu hapo kitabu kilichopigwa chapa Dar es Salaam chasomeka Kisumu bila taabu, na karani wa Arusha aweza kumwandikia karani wa Nakuru. Aliyelipa gharama ni mtoto wa Mombasa, ambaye neno la mama yake, ndia, liligeuka kuwa kosa darasani, mahali pake pakawekwa njia. Ingawa Muyaka bin Haji, mshairi mkuu wa mji huo, alitunga kwa Kimvita. Mjini Mombasa, nyumbani na sokoni, wako wangali wakisema ndia.