Yasiyoonekana kwenye video za ngono

Mama mmoja wa Nyakitonto, Kasulu, alikuta video za ngono kwenye simu ya mwanawe wa miaka 16. Akaniuliza: “Daktari, nimchape au ninyamaze?” Nikamjibu: usimchape wala usinyamaze. Msimulie habari za Sharon Mitchell.

Mitchell, Mmarekani, aliigiza filamu hizo kwa takriban miaka 20. Baada ya kuacha alirudi masomoni, na mwaka 1998, waigizaji kadhaa walipokutwa na VVU, akaanzisha kliniki ya kuwapima wenzake huko Los Angeles. Walipimwa VVU, kisonono na klamidia, kwa kawaida kila mwezi.

Hata hivyo, mwaka 2004 mwigizaji aliyekuwa amepimwa na kuonekana salama aliambukiza wanawake watatu. Siku za mwanzo virusi huwa tayari vimo mwilini, lakini kipimo hakivioni.

Hayo hayamo kwenye video. Kijana huona watu wasiotumia kondomu na hakuna anayeugua, akaamini ndivyo maisha yalivyo.

Mzazi, zungumza naye kwa utulivu. Kama ameshaanza kujamiiana, mweleze kuhusu kondomu, akapime, kisha arudie baada ya miezi mitatu. Kisheria, kuanzia miaka 15 anaweza kupima bila idhini yako. Akihofia kuambukizwa, awahi kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita. Zipo dawa za kinga.

Fimbo humfunga mdomo, na aliyefunga mdomo huchelewa kupima.