Rangi Haiponyi Ukuta Wenye Unyevu

Mlalo, wilayani Lushoto, inajulikana kwa nyumba zake za udongo, baadhi zikiwa za ghorofa zenye roshani za mbao. Mwenye nyumba ya namna hii asikimbilie rangi ya mafuta. Rangi hiyo huziba ukuta. Unyevu hukosa pa kutokea, na hatimaye rangi hubanduka pamoja na udongo. Chokaa huuacha ukuta upumue.

Masika ya Machi hadi Mei yakiisha, kwanza zibeni paa linalovuja, chimbeni mfereji wa kuepusha maji na msingi, na zibeni nyufa kwa udongo. Ukuta ukikauka, ufagieni, unyunyizieni maji kidogo, kisha pakeni chokaa nyepesi mara tatu, kila mkono ukauke kwanza. Kingeni macho, kwani chokaa huunguza.

Kamati zinazopanga ukarabati zikumbuke: fedha za paa zitangulie za rangi.