Punda Hashibi kwa Mahindi Yaliyooza



Kuna mwaka mvua ilikataa kuisha wakati wa kuvuna. Mahindi yetu mengi yalipata ukungu yakiwa bado shambani. Tukayachambua: yale mazuri ya kula na kuuza, yale yaliyogeuka rangi tukamwekea punda, maana nani angetupa chakula bure? Alikula kama wiki tatu hivi. Halafu asubuhi moja akakataa kufungwa kwa mkokoteni. Akawa anazunguka-zunguka upande mmoja, hasikii, haoni vizuri, kisha akaegemeza paji la uso ukutani akisukuma kama anataka kuutoboa. Kesho yake alikuwa amekufa. Tangu siku hiyo maji yakarudi kichwani kwa mama watoto, na maziwa ya kupeleka kwa kituo cha kupozea tukalipia bodaboda mpaka tukaona hakuna faida tena.

Tulidhani amerogwa. La. Ukungu wa mahindi hutoa sumu inayoitwa fumonisini, na hiyo huozesha ubongo wa punda na farasi. Ng'ombe anaweza kula mahindi hayo hayo na usione kitu, ndiyo maana watu hudanganyika. Ugonjwa ukishaonekana hakuna dawa ya kuuponya. Mahindi yanaweza kuonekana si mabaya sana na bado yakawa na sumu, kwa hivyo usijaribu kuyaosha wala kuyaanika tena ili umpe. Yachome au uyazike. Ile hesabu ya "nimeokoa magunia mawili" ilinigharimu punda mzima.

Na siku hizi kupata punda mwingine si rahisi. Hesabu ya watu na mifugo ya 2009 ilionyesha Kenya ilikuwa na punda kama milioni 1.8. Ile ya 2019 ikapata karibu milioni 1.2 tu. Katikati hapo, kuanzia 2016, yalifunguliwa machinjio ya punda kwa ajili ya ngozi za kupeleka China, na wizi wa usiku ukaenea. Serikali iliyapiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikaliondoa katazo hilo mwaka 2021, halafu Februari 2024 Umoja wa Afrika ukaamua kuzuia uchinjaji wa punda kwa ngozi katika bara lote kwa miaka 15. Kwa hivyo uliye naye mtunze.

Sasa tuje kwa chakula chenyewe. Habari njema ni kwamba punda ni mnyama wa gharama ndogo kuliko farasi. Makaburu waliofika Uasin Gishu mwaka 1908 walikuja na farasi zao, na farasi hataki mchezo: chakula kingi zaidi, magonjwa zaidi. Sigiriet, kama Wanandi wanavyomwita, asili yake ni nchi kavu. Tumbo lake limeumbwa kwa nyasi ngumu zilizokauka. Yeye hacheui kama ng'ombe. Chakula chake huchachia katika utumbo wa nyuma, polepole, na ndiyo sababu anahitaji kula kidogo kidogo kwa saa nyingi, mchana na usiku. Punda anayefanya kazi kutwa kisha akafungwa usiku kwa kamba fupi bila kitu mbele yake, huyo ana njaa hata kama ulimpa debe zima la pumba jioni.

Kipimo ni hiki. Punda wa kilo 150 anahitaji kama kilo 3 za chakula kikavu kwa siku, yaani kilo 90 kwa mwezi. Beli la nyasi ya Rhodes likiwa kilo 15, hayo ni mabeli sita kwa mwezi. Lakini si lazima ununue nyasi nzuri tupu! Nusu au zaidi inaweza kuwa majani makavu ya ngano au ya shayiri, yale kombaini inayoacha nyuma. Kwetu huku Uasin Gishu wakati wa mavuno hayo majani ni mengi, na mwenye shamba wakati mwingine anataka tu mtu amwondolee. Mabua ya mahindi pia ni sawa, mradi yawe makavu, yasiwe na ukungu, na uyakatekate, maana shina zima hulitema. Ukiyakunja beli lenye vumbi la kijivu likakupa kikohozi, hilo si chakula, lifanye matandiko ya shamba.

Juu ya hayo, punda anayevuta mkokoteni kila siku, au mwenye mimba ya miezi ya mwisho, au anayenyonyesha, aongezewe kitu chenye nguvu. Lusani kavu, konzi mbili tatu, inatosha. Pumba safi za mahindi kutoka kwa posho mill, kama gorogoro nusu kwa siku, zigawe mara mbili. Zaidi ya hapo unatafuta shida: nafaka nyingi kwa mara moja huleta msokoto wa tumbo na kwato zenye moto, na punda mwenye kwato zinazouma hatembei. Badilisha chakula polepole, kwa siku kama kumi, usimgeuzie siku moja.

Chakula cha gunia cha ng'ombe na cha kuku mwekee mbali kabisa. Baadhi yake hutiwa dawa inayoitwa monensini, ambayo kuku na ng'ombe huivumilia, lakini punda humsimamisha moyo hata kwa kiasi kidogo. Hapa ndipo watoto wanapokosea, wanamhurumia wanamchotea kutoka kwa gunia. Majani ya avokado pia asiyale, na karatasi za plastiki za kando ya barabara humziba utumbo.

Chumvi mpe, kipande cha kulamba kisicho na urea. Maji nayo ndiyo chakula cha kwanza. Anapofanya kazi kwenye jua anaweza kumaliza lita 20 au zaidi kwa siku, na punda ana tabia ya kukataa maji machafu hata kama ana kiu. Ni aibu kumbebesha mitungi minne kutoka mtoni halafu yeye mwenyewe asinywe.

Utajuaje kama unalisha sawasawa? Usiangalie tumbo, maana tumbo kubwa laweza kuwa minyoo. Pitisha viganja kwenye mbavu. Ukizihisi kwa kukandamiza kidogo ni vizuri, ukiziona kwa mbali amekonda, na ukizitafuta usizipate amenenepa mno. Punda mnene, hasa jike mwenye mimba, akiacha kula ghafla kwa siku moja tu, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Mafuta ya mwili humwagika kwenye damu na kumwua. Anayekonda ilhali anakula, mwangalie meno: ukiona anadondosha vibonge vya nyasi alizotafuna nusu, meno yamekuwa makali ubavuni na yanahitaji kusuguliwa na fundi.

Kwa kikundi chenye punda watano, hesabu ya kiangazi cha Desemba hadi Machi inafika mabeli 120. Mtu mmoja hawezi. Lakini kama mkichanga baada ya mavuno, nyasi ikiwa ingali bei ya chini, mkakodi trekta moja kuleta majani ya ngano, na mkajenga stoo moja yenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa ili unyevu usipande, mtapita Februari wakati majirani wananunua beli kwa bei mara mbili. Mweka hazina aandike kila beli linalotoka na jina la mwenye punda. Sisi tulisahau hilo mwaka wa kwanza, na ugomvi wake uliisha Pasaka.