Mtu Mmoja, Michezo Miwili: Funzo la Aasif Karim



Mechi ya amani ni jambo jema, lakini mara nyingi hupangwa vibaya: vijana wa kabila hili upande huu, wa kabila lile upande ule. Filimbi ya mwisho ikilia, walioshindwa hurudi nyumbani na uchungu mpya juu ya ule wa zamani. Hapa Kisangani jambo hili si dogo. Tangu mwaka 2023, mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umemwaga damu na kuwafukuza watu wengi makwao, na komini ya Lubunga iliguswa sana. Je, mchezo unaweza kuunganisha bila kugawa? Tumtazame mwanamichezo mmoja wa Kenya.

Aasif Karim ni nani?

Alizaliwa Mombasa mwaka 1963, katika jamii ya Wakenya wenye asili ya Asia. Aliiwakilisha nchi yake katika michezo miwili: tenisi, katika Kombe la Davis, na kriketi. Kriketi haichezwi sana kwetu. Kila timu ina watu 11. Mmoja hurusha mpira, mpinzani huupiga kwa gongo na kukimbia ili kupata alama.

Mwaka 1996 Karim alikuwa katika kikosi cha Kenya kilichoishangaza dunia kwa kuifunga West Indies katika Kombe la Dunia. Mwaka 1999 alikuwa nahodha. Kenya ilipoteza mechi zake zote tano, naye akastaafu. Mwaka 2003 aliitwa tena, akiwa na umri wa miaka 39. Tarehe 15 Machi, mjini Durban, aliwakabili mabingwa wa dunia, Australia. Alirusha mipira 50, akatoa alama 7 tu, na kuwaondoa wapigaji watatu, akiwemo nahodha Ricky Ponting. Australia ilishinda, lakini Karim ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa mechi. Kenya ilifika nusu fainali.

Funzo liko wapi?

Kwanza, katika kikosi kile Karim na Hitesh Modi walicheza bega kwa bega na Steve Tikolo, Maurice Odumbe na Thomas Odoyo. Waasia na Waafrika, Waislamu, Wahindu na Wakristo walivaa jezi moja. Hakuna aliyeweza kushinda bila mwenzake.

Pili, mwenye michezo miwili ana makundi mawili ya marafiki. Wa kundi moja wakimchochea achukie, wa kundi la pili humrudisha.

Tatu, nahodha aliyeshindwa mwaka 1999 alikubali kurudi kama mchezaji wa kawaida, chini ya nahodha mwingine, Tikolo. Viongozi wetu wangapi wangekubali hivyo?

Tufanye nini?

Tuchanganye wachezaji ndani ya kila timu: mtoto wa Lubunga na wa Mangobo, Mmbole na Mlengola, wapasiane mpira. Tuongeze mchezo wa pili, kama vile voliboli au mpira wa kikapu, na tugawe timu upya, ili mpinzani wa Jumamosi awe mwenzetu wa Jumapili.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mtaa wenu, nani huchagua timu, na kwa kigezo gani?
2. Je, una rafiki wa kabila jingine uliyempata michezoni?