Hati ya Talaka: Mahali Ilipo na Namna ya Kuiomba

Wazee wetu walisema ya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili wengi hulikumbuka katika hesabu za duka na za mazao. Leo nataka kuwaonyesha ya kuwa lafaa vile vile katika mambo ya nyumbani, na hasa katika jambo zito ambalo watu hawapendi kulisema mbele ya wageni, yaani talaka. Ndoa ikisha kuvunjika, wengi hudhani ya kuwa kazi imekwisha. Kumbe imebaki kazi moja, nayo ni kuipata hati na kuitunza.

Na tuanze kwa mfano. Tufikiri habari za mama mmoja wa kijiji cha Tanzania Bara. Yeye na mumewe waliachana zamani, kila mmoja akashika njia yake, watoto wakakua. Sasa mama huyu amechumbiwa na mtu mwema, nao wamekubaliana kufunga ndoa mbele ya msajili. Sheria yataka taarifa ya nia yao itolewe siku 21 kabla ya ndoa, na kila mmoja aeleze hali yake: kama hajapata kuoa au kuolewa, au amefiwa, au ameachana na mwenziwe. Mama akasema, “Mimi nimeachika.” Msajili akamwuliza, “Hati yako iko wapi?” Mama akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa, yenye muhuri uliofifia. Msajili akaisoma, kisha akamrudishia kwa upole, akisema, “Mama, hii si talaka.”

Je, ilikuwa karatasi gani? Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa hiyo yafaa tuzipambanue karatasi tatu.

Ya kwanza ni karatasi iliyoandikwa nyumbani, au mbele ya wazee wa ukoo, au mbele ya sheikhe, kueleza ya kuwa mume amemwacha mkewe. Karatasi hii ina heshima yake katika dini na katika mila, na mahakama yaweza kuitazama kama ushahidi. Lakini kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo hutumika Tanzania Bara, ndoa iliyofungwa huko haivunjiki kisheria kwa karatasi hii peke yake.

Ya pili ni hati ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Baraza hili lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Kazi yake ni kuwapatanisha mume na mke. Likishindwa, huandika hati kusema ya kuwa limeshindwa kuwasuluhisha. Isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa katika sheria, mtu hawezi kuomba talaka mahakamani asipokuwa na hati hii. Basi hati ya Baraza ni mlango wa kuingilia mahakamani, wala si talaka yenyewe.

Ya tatu ni amri ya talaka iliyotolewa na mahakama, ambayo makarani wengine huiita dikrii. Hiyo ndiyo inayovunja ndoa. Mama wa mfano wetu alikuwa ametunza karatasi ya pili, na ile ya tatu hakupata kuichukua. Shauri lake lilikwisha kwa haki, hakimu akatamka talaka, naye akaenda zake akidhani ya kuwa maneno ya hakimu yatosha. Kwa bahati, maneno yale yalikuwa yameandikwa. Ilibaki kuyatafuta.

Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: Ni mahakama ipi iliyotoa talaka? Katika Tanzania Bara shauri la ndoa laweza kufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo, au ya Wilaya, au ya Hakimu Mkazi, au Mahakama Kuu. Watu wengi wa vijijini hupeleka mashauri yao katika Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu nao. Jalada la shauri hukaa katika masjala ya mahakama ile ile iliyolisikiliza. Halimfuati mtu anapohama. Mtu aliyeachana Tabora na sasa anakaa Tanga asitafute hati yake Tanga. Sharti aandike au aende Tabora.

Swali la pili: Shauri lilikuwa na nambari gani, na la mwaka gani? Kila shauri huandikwa katika daftari la mahakama kwa nambari na mwaka, kwa mfano, Shauri la Ndoa Na. 12 la mwaka fulani. Ukiwa na nambari hiyo, karani aweza kuliona jalada upesi. Usipokuwa nayo, atafute kwa majina na kwa mwaka. Kwa hiyo tafuteni kwanza nyumbani. Pengine iko barua ya wito wa mahakama, au stakabadhi ya ada, au karatasi ya matunzo ya watoto, na juu yake nambari imeandikwa.

Mama wetu hakuwa na karatasi nyingine, na mwaka pia aliusahau. Lakini ndugu yake alikumbuka ya kuwa walikwenda mahakamani kwa miguu kwa sababu daraja lilikuwa limechukuliwa na maji katika mvua kubwa za El Niño. Mvua zile zilinyesha mwishoni mwa mwaka 1997 hata mwanzo wa 1998. Basi karani akawa na miaka miwili tu ya kutazama katika daftari. Msidharau kumbukumbu za namna hii. Njaa, mafuriko, uchaguzi, kuzaliwa kwa mtoto, vyote vyaweza kumwonyesha karani ukurasa wa kufungua.

Baada ya hayo, andikeni barua. Maombi ya mdomo husahauliwa upesi, lakini barua iliyopokelewa na kupigwa muhuri haikanwi. Barua yaweza kuwa fupi hivi:

“Kwa Hakimu Mfawidhi, Mahakama ya Mwanzo (jina la mahakama). Yahusu: Maombi ya nakala ya hukumu na ya amri ya talaka, Shauri la Ndoa Na. (nambari) la mwaka (mwaka). Mimi (majina yako matatu) nilikuwa mdai katika shauri lililotajwa hapo juu, na mdaiwa alikuwa (majina yake matatu). Naomba nipewe nakala zilizothibitishwa za hukumu na za amri ya talaka. Nazihitaji kwa sababu (eleza sababu). Niko tayari kulipa ada iliyowekwa. Ndimi, (jina, sahihi, tarehe na anwani).”

Kama wewe ndiwe uliyeshtakiwa, andika ya kuwa ulikuwa mdaiwa. Kama hujui nambari, sema wazi ya kuwa huijui, na utaje mwezi na mwaka kwa kadiri ukumbukavyo. Andika majina kama yalivyokuwa wakati wa shauri, maana wanawake wengi hubadili jina, na mtu aliyeshtakiwa kwa jina la babu yake hataonekana katika daftari kwa jina la baba. Chukua kitambulisho chako, na nakala ya cheti cha ndoa kama unacho. Andika barua mbili zinazofanana: moja uiache, na ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani.

Angalieni neno “zilizothibitishwa.” Nakala ya kawaida huonyesha maneno tu. Nakala iliyothibitishwa ina muhuri wa mahakama na sahihi ya ofisa wake, kuonyesha ya kuwa yalingana na asili iliyo ndani ya jalada. Msajili wa ndoa, au benki, au mfuko wa pensheni, hutaka hiyo ya pili. Kama kuna ada ya kulipa, ulizeni ni kiasi gani, lipeni kwa njia ya Serikali, yaani kwa namba ya malipo katika benki au kwa simu, na mpate stakabadhi. Mtu ye yote akitaka fedha mkononi bila stakabadhi, hiyo si ada.

Mkipewa nakala, msiondoke mlangoni kabla ya kuisoma. Tazameni majina yote, herufi kwa herufi; tazameni nambari ya shauri, tarehe ya amri, muhuri na sahihi. Kosa la herufi moja, likionekana siku ile ile, ni rahisi kulieleza. Likionekana baada ya miaka kumi, huleta safari na gharama. Msistaajabu kama hukumu ya zamani ya mahakama ya juu imeandikwa kwa Kiingereza. Mashauri ya Mahakama ya Mwanzo huandikwa kwa Kiswahili, lakini katika mahakama za juu Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya mahakama kwa sheria ya mwaka 1971 kurekebishwa? Hapana, kwa sheria iliyotungwa mwaka 2021.

Je, mtu asiye mhusika aweza kuomba? Mhusika aweza kumtuma ndugu au wakili kwa barua ya idhini yenye sahihi yake. Mtu mwingine, kama mtoto anayetafuta haki ya mirathi, sharti aeleze sababu yake, na mahakama ndiyo yenye kuamua. Mambo ya nyumba za watu hayatolewi kwa ajili ya udadisi.

Pengine karani atarudi na kusema ya kuwa jalada halionekani. Msikate tamaa siku hiyo. Ombeni daftari la mashauri litazamwe, kwa maana jalada laweza kupotea na daftari likabaki. Kama kulikuwa na rufani, ulizeni katika mahakama iliyoisikiliza. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani husomeka bure katika intaneti, katika mkusanyiko uitwao TanzLII, ijapokuwa nakala ya huko haina muhuri. Mwulizeni na mwenzenu wa zamani, kwani huenda yeye alichukua nakala yake. Mashauri ya kabla ya Mahakama za Mwanzo, ambazo zilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, yalisikilizwa katika mabaraza ya zamani. Habari zake huenda zikaulizwa katika Nyaraka za Taifa. Yote yakishindikana, mwombeni hakimu aandike ya kuwa jalada limetafutwa lisionekane, kisha mtafute shauri la wakili au la watoa msaada wa kisheria, ambao kazi yao imewekewa sheria tangu mwaka 2017.

Ukiisha kupata amri ya mahakama, iko hatua moja tena: kuiandikisha. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, uitwao RITA kwa kifupi, ulioanza mwaka 2006, ndio unaoandikisha talaka kama unavyoandikisha ndoa, vizazi na vifo. Nendeni na nakala iliyothibitishwa pamoja na cheti cha ndoa. Talaka iliyoandikishwa ina mahali pawili pa kuonekana, na moto au mchwa wa mahali pamoja hawawezi kuifuta.

Haya niliyoyasema ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake, na talaka za Waislamu huulizwa katika Mahakama za Kadhi za huko. Kenya nako Waislamu huuliza katika Mahakama za Kadhi, na watu wengine katika mahakama za mahakimu, chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Lakini kanuni ni moja kote: anzeni mahali talaka ilipotolewa.

Labda mtu atasema, “Mimi sina nia ya kuoa tena, hati ya nini?” Na afikiri habari za mume aliyeishia kwenye hati ya Baraza, akaishi na mke mwingine miaka 20, kisha akafa. Mbele ya sheria yule wa kwanza bado ni mkewe, naye sasa ni mjane wake. Watoto wa nyumba mbili watasimama mahakamani kugombea shamba moja, na mwenye kujua ukweli yuko kaburini.

Basi siku talaka inapotolewa, ombeni nakala siku zile zile. Fanyeni nakala nyingine, mmpe ndugu mwaminifu aiweke. Nambari ya shauri iandikeni katika daftari la nyumbani, pamoja na tarehe za kuzaliwa watoto.

Mama wa mfano wetu alikwenda mahakamani mara tatu. Mara ya tatu karani alimletea jalada lenye vumbi, na ndani yake jina lake, jina la mume, na tamko la hakimu. Alirudi kwa msajili na karatasi ya tatu mkononi. Safari hii hakuulizwa neno.